Vipande Sita vya Barafu

Agosti, Ruwi. Bomba la maji baridi
linaunguza kuliko la moto.
Tangi liko juu ya paa, jua limelichemsha tangu alfajiri,
na birika la ubatizo, plastiki ya buluu
tuliyoazima kwa Wafilipino wa ibada ya saa nne,
lafuka mvuke kama chungu cha magimbi.

Shemasi Ambakisye akachovya kidole, akakitoa mbio.
"Mtu hazikwi kwenye chai," alisema.
Akapanda pikapu ya kazini, bila ruhusa,
hadi Mutrah, soko la samaki,
akarudi na vipande sita vya barafu,
kimoja kimegandia magamba ya jodari.

Kanzu niliyovaa imevaliwa na wengi.
Pindoni wameshonea nati za gari
isije ikaelea, ikamfunua mtu.
Nikitembea zinagonga vifundo vya miguu: ko, ko.

Mimi nilishabatizwa. Tukuyu, mtoto wa wiki sita,
matone matatu kipajini, kwa Wamoraviani,
mvua ikinyesha nje kana kwamba yale hayakutosha.
Cheti mama anacho, kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo.
Nilipompigia simu aliniuliza tu:
"Kwani yale yalikauka?"

Darasani mchungaji alitusimulia tulikotoka:
Waingereza waliokimbia kwao, miaka mia nne na ushee iliyopita,
wakisali Amsterdam penye tanuri la mikate.
Kiongozi wao hakuona wa kumbatiza,
akajimwagia maji mwenyewe kichwani,
kisha shaka ikamwandama.
Mwenzake alirudi London kumwambia mfalme
kwamba roho za watu si shamba lake,
ya Mkristo wala ya Mwislamu,
akafia gerezani.
Nilimpenda zaidi yule wa kwanza. Yule wa shaka.

Ijumaa iliyotangulia nilipigiwa kura.
Nilitolewa nje, nikasimama kando ya mashine ya maji ya kunywa,
nikachungulia kiooni.
Injinia Mutinda wa mabomba ya gesi: mkono mmoja.
Lwitiko anayeosha magari ya watu Al Khuwair: mkono mmoja.
Pasipoti yangu imo kabatini mwa tajiri,
sijaulizwa rai tangu niliposhuka Seeb,
na mikono thelathini na moja ilikuwa hewani kwa ajili yangu,
na mwezi ujao wangu nao utahesabiwa,
hata kama ni juu ya bei ya viti.
Dada Nekesa hakunyoosha.
"Simjui bado," alisema, waziwazi.
Ndiye leo anayenishikia taulo.

Taulo ni la Bibi Zuwena, mzaliwa wa Wete,
mama wa tajiri wangu.
"Mwatiwa majini na nguo zenu?"
"Na nguo zetu, Bibi."
"Mzima mzima?"
"Mzima mzima."
Akafikiri. "Basi chukua hili zito.
Yale mepesi hayamkaushi mtu."

Nikaingia. Kiunoni vuguvugu, miguuni baridi ya Kiwira.
Mkono wa mchungaji mgongoni, leso puani,
nati zikanivuta chini, nami nikaziacha.
Sikuona nuru. Niliyasikia masikio yangu tu.
Nilipoibuka, kipande cha mwisho cha barafu
kikanigonga kipajini,
palepale.

Baadaye walifungua kizibo, maji yakakimbia uani
yakinuka jodari,
yakakauka kabla hayajafika getini.
Nilisimama nikiyatazama, nikampigia mama.
"Ni kweli," nikamwambia. "Yanakauka."
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Na nywele je?"
Nikajipapasa.
"Nywele bado."